Ukuta wa Mama Mkwe

Tangu ukuta wa chumba cha uani ulipoanguka, Fundi Jicho hakuwa na la kuzungumza na mama mkwe wake, na mama mkwe wake hakuwa na mtu mwingine wa kumsema isipokuwa Fundi Jicho. Ukuta ulianguka mchana kweupe, mwenye chumba akiwa barazani anachambua vifungo vyake kwenye kopo la maziwa, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kilichoumia ni jina. Fundi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, anayefuatwa na watu wa mbali, chumba cha mama wa mkewe kimebaki wazi upande mmoja kama banda la kuku. Waliopita njia ya nyuma walipunguza mwendo, wakatazama kitanda na shuka lake la maua, halafu wakaongeza mwendo ili wakachekee mbele.

"Nilisema," mama mkwe alisema mchana ule, na asubuhi zote zilizofuata. "Nilisema mwaka juzi kwamba ule ukuta unalika chini. Nikaambiwa fundi cherehani anajua nini habari za kuta."

Na kweli aliambiwa hivyo. Jicho ndiye aliyemwambia, tena mbele ya wageni, na sasa kila neno lilikuwa linamrudia likiwa limepashwa moto. Mama mkwe alikuwa ameshona nguo za watu miaka arobaini, na ulimi wake ulikata bila kupima. Sasa alikuwa analala sebuleni. Kitanda chake kilizuia kabati la vyombo, mto wake ulikuwa futi mbili kutoka kwenye redio ya Jicho, na kila Jicho alipotaka kusikiliza habari, yeye alitaka kulala.

Jina la Jicho hakupewa kwa uzuri wa macho. Alipewa kwa sababu hakuwahi kutumia timazi. Mafundi wenzake waliteremsha kile kipande chao cha chuma chenye uzi kila baada ya mistari miwili mitatu ya matofali, wakachutama, wakapima, wakainuka. Yeye alisimama mwanzo wa ukuta, akafumba jicho la kulia, akautazama kwa urefu kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, kisha akagonga tofali moja kwa mpini wa mwiko. Basi. Kwa miaka ishirini na miwili, waliopita nyuma yake na vipimo vyao waliondoka mikono mitupu. Sifa ile ilimpanda kichwani ikahamia huko moja kwa moja. Mafundi wa uzi aliwaona watu wenye miguu mizima wanaotembelea magongo, na hakuwaficha.

Msimu huo mambo yalikuwa yamemkaba koo. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki sita, na kila mwenye ufa nyumbani kwake alikuwa ameukumbuka wiki hiyo hiyo. Shule ya mtaani ilikuwa inaongeza madarasa mawili, na ilitaka yaezekwe kabla ya tone la kwanza. Jicho ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kuta zake. Alfajiri alipandisha mstari mmoja wa matofali kwenye chumba cha mama mkwe, saa moja alikuwa shuleni, jioni alirudi mgongo umekakamaa kama ubao, akapandisha mstari mwingine mpaka giza lilipomfukuza.

Na mwili nao ukachagua msimu huo huo kufanya ukorofi. Ulianza na sikio la kushoto, likawa linalia kama birika lililosahauliwa jikoni. Siku ya tatu aliinama kuchukua ndoo, ua mzima ukazunguka. Alishika bomba la maji kwa mikono miwili, akatapika chai yote, na mama mkwe akashuhudia kila kitu kutoka barazani.

"Chai kwenye tumbo tupu," Jicho alisema, kabla hajaulizwa.

Kizunguzungu kile kilimsumbua siku tano kikapungua, naye akajipongeza kwamba amekishinda kwa kukipuuza. Mengine hakuyahesabu. Hakuhesabu kwamba bega lake la kushoto linagonga fremu ya mlango karibu kila anapoingia. Hakuhesabu kwamba kandambili ya kushoto imeisha ukingo wakati ya kulia bado nzima. Mkewe alihesabu. Mkewe alikuwa anafua mashuka ya zahanati, kazi inayomfundisha mtu kuona madoa, na siku moja alimburuta mumewe mpaka kwa daktari wa pale, karibu kwa nguvu. Daktari alimwambia Jicho atembee kwenye mstari wa vigae vya sakafu. Jicho alitembea hatua sita, na ya saba ikaenda kigae cha jirani.

"Inaweza kuwa sikio la ndani," daktari alisema, "na inaweza kuwa mshipa mdogo kichwani. Mimi hapa sina mashine ya kujua. Nenda hospitali kubwa wiki hii, usingoje." Akaandika barua, akaipiga muhuri.

Barua ilikaa nyuma ya redio wiki mbili.

"Ile barua inafanya nini pale?" mkewe alimuuliza asubuhi moja, akiwa anafunga kitambaa kichwani aende kazini.

"Inapumzika. Humu ndani angalau mmoja apumzike."

"Nakuuliza kwa wema."

"Na mimi nakujibu kwa wema. Msimu ukiisha nitakwenda. Nikiondoka leo, shule inampa mtu mwingine kazi, na mama yako anaendelea kulala chini ya redio yangu. Unataka hivyo?"

"Nataka mume anayeingia mlangoni bila kupigana nao."

Jicho alisonya, akachukua mwiko wake. Hasira yake ilikuwa halali kwa upande mmoja: watu wote walikuwa wanataka kitu kwake, na hakuna aliyetaka kumwambia kipi aache. Lakini alikuwa pia anaogopa, na hilo alilifunika kwa kelele.

Jumatano ya wiki iliyofuata, shuleni, Kamba alimpandia juu ya jukwaa. Kamba alikuwa fundi mwenzake, mwanaume mfupi asiye na maneno mengi, na jina lile alipewa na Jicho mwenyewe kwa kumdhihaki, maana hakutengana na timazi yake hata wakati wa kula.

"Fundi," Kamba alisema, "ukuta wa darasa la pili umelala. Umelalia upande wa baraza, pale watoto watakapopanga mstari. Vidole vitatu."

Miiko ya wengine ikasimama.

"Nani kakutuma upime kazi yangu?"

"Hakuna. Nilikuwa nataka kuweka fremu ya dirisha, ikakataa kukaa."

"Basi fremu ni mbovu. Au uzi wako umechoka. Au ni upepo."

"Upepo haupo, fundi. Shuka utazame."

Jicho hakushuka. Aliichukua timazi mkononi mwa Kamba, taratibu, kama mtu anayepokea kikombe, akaitupa kwenye pipa la chokaa. Ilizama mara moja. Mtu mmoja alicheka, wengine wakaangalia miguu yao. Msimamizi wa ujenzi akaja, simu sikioni, akizungumza na mafundi wa paa: mbao zitapandishwa Jumatatu saa mbili, hakuna kuchelewa. Aliteremsha simu akauliza kuna nini, akaelezwa, akamgeukia Jicho.

"Umenyooka au haujanyooka?"

Jicho alishuka sasa. Alisimama mwanzo wa ukuta, akafumba jicho la kulia, akautazama polepole kutoka chini hadi juu, na tena kutoka juu hadi chini. Hakuwa anadanganya. Aliuona wima, safi, hauna hata wasiwasi.

"Umenyooka," alisema kwa sauti, wote wasikie.

"Basi umenyooka," msimamizi akasema. "Na wewe Kamba, kuanzia leo shika koleo ukoroge udongo. Ukijifunza adabu utarudi juu."

Kamba alikwenda kushika koleo. Hakumtazama Jicho siku ile wala siku zilizofuata, na Jicho alijiambia kwamba hilo nalo ni aina ya kunyooka.

Jumapili alifunga kibwebwe kumaliza chumba. Ukuta ulikuwa umempita kichwa, alikuwa amesimama juu ya pipa lililogeuzwa, jua limemkalia shingoni. Mama mkwe alileta kigoda chake, akakiweka kule mwisho wa ukuta, akakaa na mikono mapajani. Alikaa hivyo saa nzima bila kusema kitu, jambo lililomkera Jicho kuliko maneno.

"Mkwe," hatimaye alisema.

Jicho alipaka udongo kwenye tofali.

"Mkwe, huu ukuta unakuja kitandani kwangu."

"Ukuta hauna miguu, mama."

"Hauna. Ndiyo maana nashangaa unakuja."

"Mama, naomba niseme kwa heshima. Kuna watu wanajua vitambaa, na kuna watu wanajua kuta."

"Mshono ukienda kombo, umekwenda kombo. Iwe kwenye sketi, iwe kwenye tofali."

Mkewe alitoka jikoni na beseni la vyombo. "Mama, mwache amalize."

"Nikimwacha atanimalizia kichwani. Niliangukiwa na wa kwanza nikiwa barazani kwa bahati tu. Huu wa pili anautegesha kabisa."

Jicho aliteremka. Alishuka vibaya, pipa likamkimbia, bega lake la kushoto likagonga ukuta wake mwenyewe. "Mlitaka ukuta, najenga ukuta," alisema, na sauti ikapanda bila yeye kuipa ruhusa. "Kutwa niko juu ya jukwaa. Alfajiri niko hapa, magharibi niko hapa. Mgongo umekufa, sikio linalia kama birika, halafu ninyi mmeweka vigoda mnitafutie makosa."

Mkewe aliweka beseni chini. "Sikio bado linalia?"

"Sijasema sikio."

"Umesema sasa hivi."

"Uliniambia limepona," mkewe aliendelea, na sasa naye alikuwa amekasirika kwelikweli. "Nilikuuliza nikiwa nimekushika mkono, ukaniambia limepona. Nafua mashuka ya watu waliosema limepona."

Mama mkwe aliinuka kwenye kigoda bila kuaga. Alirudi na kidonge cha uzi mweusi na ule mkasi wake mkubwa wa kukatia suti, ambao hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kukatia hata karatasi. Alifunga uzi kwenye tundu la mkasi, akamkabidhi binti yake ncha ya pili.

"Panda. Ubane chini ya tofali la juu kabisa, upande wa ndani, huku kwenye pembe."

Mkewe alipanda, akaubana. Mkasi ukaning'inia karibu na ardhi, ukayumba, ukazunguka mara mbili tatu, ukatulia. Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, Jicho," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina la kazi. "Tazama."

Alikwenda kutazama ili amnyamazishe. Alisimama mwanzo wa ukuta, akafumba jicho la kulia. Ukuta wake ulikuwa umesimama wima kama alivyoutaka, na ubavuni mwake ule uzi mweusi ulikuwa umekwenda upande. Ilikuwa wazi kabisa. Alihisi furaha chungu ya mtu aliyeshinda kesi.

"Uzi umepinda," alisema.

Alisubiri mama mkwe abishe, maana maneno alikuwa nayo wiki nzima amejaza mdomo, lakini yule mama alikuwa anamtazama tu, na usoni mwake hasira ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo Jicho alipokisikia alichosema.

Aliusukuma mkasi kwa kidole. Ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukatulia palepale. Aligeuka kutazama kamba ya nguo kutafuta upepo, na nguo zilikuwa zimelala, hata kanga moja haikuinua pindo. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameudharau uzi, amewacheka wenye uzi, ametupa uzi wa mwenzake kwenye chokaa. Lakini hakuwahi, hata siku moja, kusema kwamba uzi wenye chuma unaweza kuning'inia kombo. Alisema tu kwamba yeye hauhitaji.

Alichutama chini ya ukuta, akaingiza vidole kati ya uzi na tofali la kwanza. Viliingia vitatu, bila kubanwa na bila kubaki nafasi.

Alikaa palepale kwenye mchanga, vidole vikiwa bado vimesimama. Ukuta huu ulikuwa umelala kushoto kwake. Ule wa shule, pale anaposimama kuutazama, kushoto kwake ni barazani. Kesho saa mbili mbao za paa zitapandishwa juu yake, wiki ijayo mabati, mwezi ujao watoto wa darasa la pili watapanga mstari chini yake wakisubiri mlango ufunguliwe. Na mtu aliyeliona hilo alikuwa anakoroga udongo kwa sababu yake.

"Barua iko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya redio, ulikoiweka," mkewe akasema.

"Kesho twende. Lakini kwanza tupite shuleni." Alimtazama mama mkwe, akashindwa kumtazama vizuri. "Mama, naomba mkasi."

Mama mkwe aliufungua uzi chini ya tofali mwenyewe, akauzungushia mkasi, akampa. "Usikatie kitu," alisema. "Na nautaka kesho hiyohiyo."

Walifika shuleni kabla ya saa mbili. Mkewe alikuwa amevaa gauni la kutokea, barua ndani ya mkoba, na alitembea upande wa kushoto wa mumewe, akimrudisha kwa kiwiko kila alipoanza kumwelemea. Mbao zilikuwa zimepangwa chini, mafundi wa paa wanakunja mikono ya mashati. Kamba alikuwa kwenye rundo lake la udongo.

"Kamba," Jicho alisema. "Naomba unipimie ule ukuta."

"Mimi ni mtu wa koleo."

"Nakuomba."

"Timazi yangu unajua iliko."

Jicho alitoa mkasi mfukoni. Kamba aliutazama, akautazama uzi mweusi wa kushonea, akamtazama yeye. Kama alitaka kucheka, hakumpa hata hicho. Alichomeka koleo kwenye udongo, akachukua mkasi, akapanda jukwaa, akauteremsha uzi upande wa baraza. Msimamizi alikuja mbio akiuliza nani kasimamisha kazi, na mafundi wakasogea.

"Haya," Kamba alisema kutoka juu. "Weka vidole vyako mwenyewe."

Jicho alichutama akaweka.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Sisikii. Jumatano ulisema kwa sauti."

Uso wa Jicho ulikuwa unamwaka mpaka masikioni, na lile birika lilikuwa linalia humo ndani. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na hakumsaidia, na baadaye Jicho alimshukuru kwa hilo.

"Vitatu," alisema kwa sauti ya jukwaani. "Ukuta umelala vidole vitatu. Kamba alisema kweli, mimi nikasema uongo bila kujua. Uangusheni."

Msimamizi alishika kichwa, akaanza kutaja mafundi wa paa, mvua, wiki, mkuu wa shule. Akamwita Jicho majina ambayo hakuna aliyewahi kumwita, na Jicho akayapokea yote amesimama. Alipoinama kuokota nyundo kubwa aanze yeye, Kamba aliiwahi.

"Hapana," Kamba alisema. "Nyundo ni ya mtu anayeona anapopiga. Nenda zako hospitali." Hakulisema kwa upole. Alimrudishia mkasi, uzi umeviringwa vizuri, akampa mgongo.

Walisikia pigo la kwanza wakiwa getini. Mkewe alitaka wasimame, Jicho akakataa, wakaendelea kutembea na mapigo nyuma yao mpaka barabarani.

Hospitali kubwa ilikuwa na mabenchi marefu na watu wengi wenye barua. Zamu yao ilipofika, daktari, dada mmoja mwenye miwani na uso wa kuchoka, aliisoma ya kwao, akatazama tarehe, akamtazama Jicho juu ya miwani. Alimmulika macho, akamwambia anyooshe mikono, akamwambia asimame amefumba macho, na mkewe akamdaka.

"Hii barua ina wiki tatu," daktari alisema, akichukua kalamu. "Niambie, umeanza lini kuona vitu vimelala upande?"

Jicho aliupapasa mkasi uliokuwa mfukoni mwake kwa vidole, kama mtu anayehakikisha ufunguo.

"Sijawahi kuona ukuta wangu umelala, daktari," alisema. "Kuta zangu naona zote zimenyooka. Ndiyo maana nimekuja."